Homa ya Pipa

Nimelisimamisha nyuma ya jiko,
la bluu, la mtumba, lililowahi kubeba siki.
Mihayo kalitoboa kwa msumari wa moto,
matundu arobaini na moja, tulihesabu,
harufu ya plastiki ikanikaa kwenye khanga siku tatu.

Nikalilisha nilichokuwa nacho:
maganda ya karanga, pumba za mpunga,
maranda ya mninga kutoka kwa Kapela seremala,
majani yaliyokaukia uani tangu mvua zilipoaga.
Nikafunika.
Nikasubiri kama nilivyofunzwa kusubiri
kando ya kitanda, bila kelele, saa mkononi.

Wiki ya kwanza, baridi.
Ya pili, baridi.
Ya tatu nikafunua, nikaokota ganda la karanga
bado lina alama ya ukucha wangu.

Miaka thelathini na moja wodi ya watoto
kazi yangu ilikuwa kushusha homa.
Kitambaa cha maji, nusu ya panadoli,
dripu ya kwinini tone kwa tone hadi alfajiri
na mama wa watu kashika upindo wa gauni langu.
Namba ikipanda, na roho yangu inapanda nayo.
Leo kile kipimajoto nimekifunga kwa uzi
kwenye bua la mtama, nakichomeka
tumboni mwa takataka,
naomba, Bwana, ipande.

Hakisogei.
Kinaanzia thelathini na tano,
na pipa halijafika hata hapo pa kuanzia.
Nimewahi kuona zebaki imelala hivyo,
usiku, kitanda cha dirishani.
Sikutaka kukumbuka.

Nikamwagia maji ya kufulia. Likatoa povu, likanuna.
"Bibi," Mihayo akasema, "labda limekufa."
Halijazaliwa, litakufaje?

Upande wa pili wa ua wa mabua anakaa Nyanzobe,
mpika pombe.
Mimi ni Mmoravian wa viti vya mbele.
Miaka tisa salamu yetu ni kikohozi.
Siku hiyo kichwa chake kikachomoza juu ya mabua:
"Nesi, huyo mtoto wako ana njaa.
Unamlisha makapi matupu. Tena ana kiu."
Akapitisha ndoo ya machicha,
ya moto bado, yanapumua,
yananuka Jumamosi jioni.

Nikasita.
Nikaangalia njia ya Isevya, nani anapita.
Mchungaji hakupita. Kuku tu.
Nikapokea.

Tukachanganya, mikono minne na reki moja yenye meno mapengo,
makapi, machicha, makapi, machicha,
mavi ya mbuzi kopo mbili,
na maji kidogo kidogo, hadi konzi ukiikamua
itoe tone moja.
"Moja," akasema Nyanzobe, "likitoka la pili umeharibu."
Na mimi, kwa matone, nina heshima.

Kesho yake kifuniko kikatoka jasho kwa ndani.
Asubuhi ya tatu, baridi ile ya Julai
inayowafanya watu wa Tabora wajikunyate hata kanisani,
mvuke ulikuwa unatoka kwenye matundu,
mwembamba, kama wa kikombe cha mtu aliyeamka kabla yako.

Nikachomeka bua.
Zebaki ikakimbia, ikapita thelathini na nane,
ikapita namba tulizokuwa tukimwitia daktari,
ikagota arobaini na mbili,
ikakosa pa kwenda.

Mkono wangu, kwa mazoea,
ukawa tayari unatafuta kitambaa cha maji.
Nikaurudisha.
Nikaweka kiganja kwenye ubavu wa plastiki, kikaungua kidogo,
nikakiacha.

"Nyanzobe!"
Kwa jina. Kwa sauti. Mtaa mzima usikie.
"Nyanzobe, amepata homa!"

Kimya nyuma ya mabua,
mwiko ukigonga sufuria.
Kisha:
"Usimpe dawa."